Mdogo Wangu Aliyenitangulia Kuzeeka

Mwanangu Raya,

Nakuandikia nikiwa hapa chini dukani, na wewe uko juu na wenzako, nakusikia unavyocheka. Alasiri nshasali. Mlango nimeufunga bawa moja ili watu wajue leo sishoni. Ningeweza kupanda ngazi nikakwambia haya kwa mdomo, lakini unanijua. Nikianza kusema jambo zito najitia kukohoa, kisha naulizia chai, na jambo lenyewe linapotea hapo hapo.

Habari za nguo za baridi, za chakula, za kuweka pasi yako ya kusafiria mahali pa salama, akina mama wa mtaani wameshakwambia tangu juzi, na mimi sina la kuongeza. Wala sitakwambia usali, maana unasali. Nnataka kukuhadithia shangazi yako Mwanakheri. Najua utasema, "Baba, si yeye aliyenilea?" Ndiyo, kakulea. Lakini ulimjua kwa macho ya mtoto, na mtoto humdhania mtu mzima kwamba kazaliwa vile vile alivyo. Wewe ulipopata fahamu ulimkuta na mvi, ukaona mvi ni zake. Mimi nilimjua ana nywele nyeusi zinazomfika mgongoni. Kesho unakwenda ng'ambo kusomea udaktari, mambo yale yale yaliyommaliza, na sitaki uyakute kitabuni kabla hujayasikia nyumbani kwenu.

Mwanakheri alikuwa kitinda mimba wa mama yetu. Gauni la kwanza nililolishona peke yangu, bila ya baba kunishika mkono, lilikuwa lake: gauni la Idi, la maua ya manjano, na mkono mmoja ulitoka mrefu kuliko wa pili. Nilitaka kulifumua. Akanipokonya, akalivaa, akatoka nalo barazani, na kila aliyemcheka alimwambia kwamba ndiyo mtindo wa Bombay huo, nyinyi hamjaona kitu. Ndivyo alivyokuwa. Akicheka alifumba macho kabisa, kama anayekunywa dawa.

Fundi cherehani humjua mtu kwa vipimo, Raya. Wenzake wa chuo cha Kurani walipofika umri wa kurefuka, walirefuka. Kila mwaka mama zao walikuja hapa na vitambaa vikubwa zaidi. Mwanakheri akasimama. Gauni la mwaka juzi likamfaa mwaka jana, la mwaka jana likamfaa mwaka ule. Mama akafurahi, akasema mtoto huyu ana baraka, hatutii hasara. Na mimi nikacheka. Futi ya kupimia iko shingoni mwangu, vipimo viko mkononi mwangu, na sikuona kitu. Hayo ndiyo yalikuwa maradhi yenyewe yanaanza, na sisi tunashukuru.

Akaolewa na kijana wa mtaa wa Malindi, hapa hapa mjini, mtu mwema, sina la kumsema. Mvi zikaanza juu ya masikio angali mbichi kabisa. Mwanzo alizing'oa, baadaye akawa anapaka hina, na baadaye hina ikashindwa. Sauti yake ikawa nyembamba na ya kukwaruza. Ngozi ya uso ikamkaza, mikono na miguu ikakonda, ilhali kiwiliwili kimebaki vile vile. Mtoto hakupata. Mwishowe mama mkwe akasema mbele za watu kwamba yeye alimwozesha mwanawe msichana, vipi nyumbani mwake mna bibi kizee? Akarudi kwetu na sanduku lake na talaka yake.

Mama yako alikuwa ndio kwanza amefariki. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye kiti, sijui hata maziwa yanachemshwa vipi, na wewe ulikuwa ukilia kwenye mkeka. Mwanakheri alikunyanyua kabla hajavua buibui. Hakuniuliza lolote. Tangu siku ile mpaka alipokufa sikupata kumsikia akitaja Malindi.

Yalipopita Mapinduzi, nyumba nyingi za mtaani kwetu zikabaki kimya, wewe unakumbuka. Wenzako wengine wa kucheza nao hukuwaona tena. Sisi tuliobaki tukawa tunajuana zaidi. Kisha ikaja miaka ya foleni. Siku moja nimesimama na shangazi yako tunangojea mchele, na mbele yetu yupo mwanamke mmoja mkubwa kuliko mimi, mwenye wajukuu. Akageuka, akamtazama Mwanakheri, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mwanakheri. "Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Njoo upite mbele, usisimame juani na miguu hiyo."

Akapita. Watu wakampisha mmoja mmoja mpaka akafika dirishani. Mimi niliona uso unaniwaka moto. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Kwa nini umemwitikia? Yule mtu mzima anakuzidi miaka chungu nzima!"

"Ningemwambia nini, kaka? Nimtolee cheti cha kuzaliwa? Shikamoo haidaiwi. Na mchele tumepata."

Akacheka, macho kafumba. Kisha akaingia jikoni, na nikasikia masufuria yanavyotuliwa kwa kishindo, moja baada ya jingine, hata yale yasiyokuwa na kazi siku ile.

Mimi nilikuwa na ada moja mbaya, Raya, na nakwambia kwa sababu nawe unayo kidogo: nilikuwa nikimjibia. Mtu akimuuliza habari, najibu mimi. Mtu akimtazama sana, namtolea macho mimi. Kioo cha sebuleni nilikitoa nikakiweka stoo, nikasema kimeingia kutu. Nilidhani namsitiri. Yeye akawa anajitazama kwenye sinia la shaba, analisugua mpaka linang'aa, na hakuniambia neno. Siku nyingi baadaye ndipo nikajua kwamba mtu anaweza kupendwa mpaka akakosa pa kusemea.

Halafu kikaja kidonda. Alijikwaruza kifundo cha mguu kwa ubao wa mbuzi alipokuwa anakuna nazi. Mkwaruzo mdogo, hata damu haikutoka ya maana. Wewe juma lile lile ulianguka ngazini ukachubuka goti, ngozi imening'inia. Goti lako likafunga, likatoa gamba, gamba likadondoka, ukarudi kuruka kamba. Mguu wa shangazi yako ukabaki wazi. Mwezi ukaisha, ukaja mwengine. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda akakiosha kwa maji ya chumvi, na wewe ulimshikia beseni. Pembeni mwa kidonda nyama ilikuwa nyekundu na ya moto, na kila tukikitazama kimesogea mbele kidogo. Watu wakasema ni kidonda ndugu. Wengine wakasema ni mkono wa mtu.

Nikampeleka Jambiani kwa mganga aliyesifika. Akatupa majani, akatupa na kombe la kunywa, aya zilizoandikwa zikaoshwa kwa maji, akasema yako macho yanayomla ujana wake. Tukaenda tena na tena. Safari ya mwisho, tumo garini tunarudi, Mwanakheri akaniambia polepole, "Kaka, mimi nshachoka kuambiwa nani kanifanya. Sasa n'nataka kujua n'na nini." Nilikuwa bado namtaka mtu wa kumlaumu. Mtu wa kumlaumu ukimpata, angalau una pa kugonga mlango.

Ndipo tukenda hospitali. Pale palikuwa na daktari mwanamke, mgeni kutoka nchi za baridi, aliyekuja kufanya kazi hapa miaka ile. Watu wote walimwita Bi Daktari. Kiswahili alijifunza kwa wauguzi na alikisema pole pole, kama mtu anayevuka maji na viatu mkononi. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu. Akatazama macho, maana tayari mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Akashika vidole, akageuza mikono. Kisha akaniuliza mimi:

"Mama yako ana umri gani?"

"Si mama yangu. Mdogo wangu."

Kalamu akaiweka mezani. "Mdogo? Baba mmoja, mama mmoja?"

"Baba mmoja, mama mmoja. Mimi nilim—"

"Kaka," Mwanakheri akanikata, "mimi n'na mdomo." Akamgeukia yule daktari. "Niulize mimi, Bi Daktari."

Basi akamuuliza yeye. Alianza lini kuota mvi, alipata kurefuka au hakupata, sauti ilibadilika lini. Mwanakheri akajibu yote, na mengine mimi sikuwa nayajua, nami nimeishi naye nyumba moja. Mwisho akamuuliza kama baba na mama yetu walikuwa jamaa.

"Watoto wa ndugu wawili," akasema Mwanakheri.

Bi Daktari akatikisa kichwa taratibu. Akasema yapo maradhi machache sana duniani yanayomfanya mtu azeeke mapema, na huyu anamwona nayo. Akasema hakuna aliyemroga. Ni urithi uliojificha: baba anao nusu na mama anao nusu, wote wawili wazima, na mtoto akizipata nusu zote mbili, ndiyo haya. Wapo wanaoyapata hata kama wazee wao si jamaa, lakini kwa jamaa nusu hizo hukutana kwa wepesi. Nikamwona Mwanakheri anashusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilidhani atalia. Akasema, "Basi yule mama mkwe simdai, naye hanidai."

Dawa ya kuyaondoa haipo. Hilo alituambia bila kutuzungusha. Kidonda atakitunza, macho yatapasuliwa. Lakini alikuwa na ombi. Alitaka kipande cha ngozi ya mkono, kidogo kama punje ya choroko, akipeleke kwao, kwenye maabara ambako watu wanaotesha ngozi katika chupa.

"Haiwezekani," nikasema. "Mtu si mchicha."

Mwanakheri hata hakunitazama. "Mnaotesha vipi?"

Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza haya unayokwenda kuyasomea, na nitakuandikia kama nilivyoyaelewa. Ukiona nimekosea, urekebishe na unicheke. Alisema mwili wote umejengwa kwa vitu vidogo mno vilivyo hai, visivyoonekana ila kwa darubini, na kila kimoja kinaitwa seli. Ukikata kidole, seli za pembeni hugawanyika, moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka pengo linazibika. Hilo ndilo goti lako wewe. Ukizitia seli katika chupa ukazilisha, zitafanya vivyo hivyo, zitajaza chupa. Zamani wataalamu walidhani zitaendelea hivyo milele. Miaka si mingi nyuma ikaonekana sivyo. Zinagawanyika mara nyingi, kisha zinapunguza mwendo, kisha zinasimama. Za mtoto mchanga huenda mbali. Za mzee husimama mapema zaidi.

"Zikisimama ndiyo zimekufa?" akauliza Mwanakheri.

"Hapana. Hapo ndipo pa ajabu. Hazifi. Zinavimba, zinatandaa, zinakula, zinaishi siku nyingi. Ila hazigawanyiki tena, hata uzibembeleze vipi."

"Na hazifanyi kitu?"

Bi Daktari akafikiri. "Hatujui. Wako wenzangu wanaosema ni mambo ya chupa tu, mwilini hayapo. Wako wanaosema huo ndio uzee wenyewe. Mimi sijui."

Mwanakheri akanyoosha mguu wake, akaonyesha ule wekundu wa pembeni. "Mimi nnahisi hapa pana kitu kinakaa na hakikai kimya. Kinachoma wenzake. Mtu aliyelala hachomi."

"Huenda," akasema Bi Daktari. "Nitaliandika neno hilo. Lakini kuliandika si kulijua."

Nikauliza mimi sasa, kwa hasira, maana nilikuwa nimekasirika na Mungu anisamehe: kwa nini basi mwili uumbwe na seli za kusimama? Si bora zisisimame kabisa, watu wakapona vidonda vyao? Akanijibu swali langu kwa upole kuliko lilivyostahiki. Akasema zipo seli zisizosimama, zinazogawanyika bila ya kujua mwisho, na hizo tunaziita saratani. Yeye anadhani kule kusimama ni breki. Breki humwokoa mtu akiwa kijana. Huenda ni breki hiyo hiyo inayomchosha akiwa mzee, na kwa Mwanakheri imeshikwa mapema mno.

Nje muuguzi alikuwa anamwita mgonjwa, na mgonjwa anaitika "Naam, naam" na haji. Mwanakheri akaanza kukunja mkono wa gauni lake, taratibu, mpaka juu ya kiwiko.

"Mwanakheri," nikasema.

"Ngozi ni yangu, kaka. Kila mtu kanichukulia kitu bila ya kuniomba. Huyu kaomba."

Akakatwa. Alipofungwa bendeji alimwambia daktari, "Kama siku moja kipande hicho kitarudi, nizikwe nacho. Kama hakikurudi, Mungu anajua kilipo."

Sasa nataka kukwambia jambo lako wewe. Katika siku zile, pengine unakumbuka na pengine hukumbuki, ulikuja hapa dukani umevaa nguo za skuli, ukasimama mbele ya cherehani, ukaniuliza, "Baba, na mimi ntakuwa kama shangazi?" Mimi nikakwambia nenda kasome. Umeshaelewa kwa nini ulipokuwa mdogo nilikupima kila mara, Idi na pasipo Idi? Ulikuwa unanung'unika kwamba nakupima na huoni nguo. Bi Daktari alinieleza kwamba, kwa kuwa mama yako alikuwa mtu wa Kizimkazi na hatuna naye udugu, hofu yangu haina msingi mkubwa. Nikamwitikia kwa kichwa. Moyo haukuitikia. Nilikuwa nikikuzungushia futi nikiomba Mungu gauni lisikutoshe. Baba gani mwengine anaomba hivyo? Na ule mwaka mmoja lilipokubana mabegani na kuacha miguu nje, shangazi yako alikuwa amekaa hapo kwenye bao la kukalia akishona vifungo kwa kupapasa, kwa kuwa macho yake bado hayajapasuliwa. Nikamwambia, "Karefuka." Akaiacha sindano, akakuvuta, akakupapasa kuanzia bega mpaka kisigino. Wewe ukamwambia anakutekenya. Mimi nikatoka nje ya duka nikasimama ukutani, na mpita njia mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, mwanangu, kwa kadiri mtu anavyoweza kujua. Samahani limechelewa. Utazeeka kama wanavyozeeka watu. Lakini kile kitu cha kusimama kimo ndani yako pia, na ndani yangu. Jana nimejichoma sindano, na leo bado pananiuma. Ujanani nilijichoma mara ngapi na nikasahau kabla uzi haujaisha. Mwanakheri hakuwa mtu wa aina nyengine. Alikuwa njia ile ile yetu, ila yeye kaipita mbio. Ndiyo maana simwiti tena bahati mbaya. Namwita mdogo wangu aliyenitangulia.

Majibu yalikuja baada ya muda mrefu. Bi Daktari mwenyewe alikuja nayo nyumbani, siku chache kabla hajarudi kwao, akakaa juu kwenye mkeka na magoti yake marefu hayajui pa kukaa. Wewe ulikwenda kumletea halua. Macho ya shangazi yako yalikuwa yameshapasuliwa, na alivaa ile miwani minene. Bi Daktari akatoa picha mbili zilizopigwa kwa darubini. Moja ilikuwa ya seli za mtu mwengine wa umri wake, nyembamba, zimelala upande mmoja kama samaki dagaa kwenye ungo. Ya pili ilikuwa ya zake. Zilikuwa chache, pana, kila moja imejitandaza peke yake.

"Ziligawanyika mara chache tu," akasema Bi Daktari. "Kisha zikasimama. Tuliporudia ikawa vile vile."

Mwanakheri aliisogeza ile picha karibu na miwani. "Hizi ni mimi?"

"Ni wewe."

"Na ziko hai?"

"Siku nilipopiga picha zilikuwa hai."

Akakaa nayo mapajani. Nilidhani atauliza habari ya umri wake, amebakiwa na muda gani. Hakuuliza. Alisema, "Ukirudi huko waambie wasichoke kuziuliza zinafanya nini. Mtu aliyesimama si lazima awe hana kazi. Mimi tangu nisimame nimelea mtoto." Na hapo wewe uliingia na sahani ya halua, hukujua kwa nini Bi Daktari anakukumbatia.

Hakuishi sana baada ya hapo. Haukumchukua mguu, ulimchukua moyo. Mishipa yake, walisema, ilikuwa ya mtu wa miaka themanini. Asubuhi moja aliniomba nimsaidie kuosha nywele. Nilimwagia maji, naye ameinama juu ya beseni, na nywele zake nyeupe zimelowa hata fuvu linaonekana, dogo kama la mtoto. Akasema, "Kaka, kioo kile kimekwisha kutu?" Nikazidi kumwagia maji. Akasema, "Kirudishe. Raya anakuwa mkubwa, anataka kujitazama." Nikakirudisha siku ile ile. Akajitazama kwanza yeye, kwa muda, akajiweka sawa ukaya wa kichwani, akasema tu, "Haya." Adhuhuri haikumkuta. Wewe ulikuwa skuli. Wanawake waliokuja kumwosha walisema kidonda kilikuwa kimepungua. Sijui kama ni kweli au walisema kunifurahisha.

Tangu hapo nyumba ina sauti moja pungufu. Kesho itakuwa na pungufu mbili. Sikwambii haya ili urudi nyuma. Siku ulipokuja na ile barua ya serikali na kusema umechaguliwa, nilifurahi mpaka nikashona suruali ya mteja nyuma mbele. Nakwambia kwa sababu nimezoea kujificha, na sitaki uende ukifikiri kwamba ukimya wangu ni ridhaa tupu. Ni ridhaa na kitu chengine, na hicho chengine sina jina lake. Ni kama pale mtu akiondoka kwenye kiti na wewe hutaki mwengine akikalie.

Huko uendako watakufundisha seli kwa majina yake na hesabu zake. Jifunze vizuri. Huenda siku zako wewe ndiyo litapatikana lile jibu ambalo Bi Daktari hakuwa nalo: kama hizo zinazosimama zimekaa tu au zinawachoma jirani zao, na kama ndizo zinazoleta macho ya ukungu, na mifupa myepesi, na mishipa migumu, na vidonda visivyofunga. Huenda wakaweza kuziondoa na wakaiacha breki mahali pake. Huenda isiwezekane. Sikutumi ukaitafute ile chupa. Nimekaa na jambo hilo miaka, usiku na mchana, na mwisho nimeliacha pale alipoliacha mwenyewe. Nakuomba jambo moja dogo. Akiletwa mbele yako mgonjwa na ndugu yake, na yule ndugu akafungua mdomo kwanza kama nilivyofungua mimi, msikilize kwa heshima, kisha mgeukie mgonjwa. Anaweza kuwa na swali.

Na mimi usinihofie. Nitazeeka taratibu, nina desturi ya kufanya kila kitu taratibu, wateja wanalalamika. Ukirudi utanikuta na mvi zaidi, na ngazi nitapanda kwa kupumzika katikati. Usishtuke mlangoni. Wewe nawe utakuwa umebadilika. Tutatazamana kidogo, kisha tutazoeana.

Sasa hivi umeshuka, umesimama mlangoni, umeniuliza kama nina uzi mweusi wa kushonea kifungo cha koti. Nikakwambia angalia kwenye mtoto wa meza, nikaendelea kuinama, nawe ukachukua ukapanda juu. Usidhani nilikuwa na kazi, Raya. Nilikuwa siwezi kuinua uso.

Mungu akulinde huko, akurudishe.

Baba yako